Mmeona Nini?

Katika shule moja ya msingi nyuma ya maduka ya Kariakoo yupo mwalimu wa Kiswahili ambaye hamwulizi mtoto kwanza shairi linahusu nini. Hulisoma mara mbili, taratibu, akishindana na honi za bodaboda na vipaza sauti vya wauza nguo, kisha huuliza, "Mmeona nini?"

Siku niliyokaa nyuma ya darasa lake la sita, shairi lilikuwa la mbeba mizigo. Mikono ikanyooshwa upesi. "Dhamira ni umaskini, mwalimu." Akatikisa kichwa. "Umaskini hauna miguu, mwanangu. Mimi nataka miguu." Darasa likanyamaza. Wale ni watoto wa Msimbazi na Gerezani. Kila asubuhi hupishana na makuli na mikokoteni, lakini nadhani hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanachokiona njiani kina kazi darasani. Mwishowe msichana mmoja akasema kandambili ya yule mtu imekatika, naye ameifunga kwa kipande cha kamba. Katika ubeti gani? Wakaurudia. Basi kwa nini mshairi atuonyeshe kandambili, wakati gunia ndilo kubwa? Kimya kingine, kirefu, na mwalimu hakukiogopa. Mvulana wa dirishani ndiye aliyejibu: "Gunia si lake, mwalimu. Kandambili ndiyo yake."

Jibu hilo halijanitoka. Neno "umaskini" likiandikwa ubaoni hutosha kwa mashairi mia, na kwa sababu hiyo halitufunulii hata moja. Lakini mtu anayebeba mali ya wengine huku kilicho chake kikimkatikia mguuni, hiyo ni dhamira ya shairi lile peke yake, na watoto wameifikia bila kuimeza ikiwa imetafunwa.

Zamani kazi hii ilianzia barazani, kwa vitendawili. Mtoto aliyetegewa nyumba isiyo na mlango akahangaika hadi akafika kwenye yai, alifika shuleni akijua kwamba kitu huweza kusema jambo lisilotajwa. Siku hizi jioni za mjini ni za runinga na simu, na mwalimu huanza peke yake, chini kabisa.

Shule nazo zimependa kinachohesabika. Sheikh Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam, alitupa kanuni za kutunga mashairi katika kitabu cha mwaka 1954, na kitabu hichohicho kilibeba diwani yake. Madarasa mengi yakashika vina na mizani, kwa kuwa kosa la mizani husahihishwa kwa wino mwekundu bila ubishi. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya *Kichomi* mwaka 1974, tulibishana sana juu ya vina alivyoviacha, na kidogo mno juu ya yale aliyotufanya tuyaone.

Mwalimu wa Kariakoo huwatuma wanafunzi mjini. Kazi ya nyumbani ni kuleta kitu kimoja kilichoonekana kwa macho, bila maelezo. Mmoja alitoka soko la samaki la Feri na mikono ya mparaji samaki: magamba yameiganda hadi kwenye viwiko, inang'aa juani kama ya bibi harusi. Aliandika hayo tu. Wenzake ndio waliouliza kama huyo mama aliwahi kuvaa dhahabu, na somo la siku hiyo likawa limekwisha kupatikana.

Wapo wanaolalamika kwamba anachelewesha muhtasari. Kipindi ni dakika 40, darasa limejaa, mtihani unakuja. Nayaelewa hayo yote. Lakini nikipita vijiwe vya wauza vitabu barabarani moyo huniuma. Kwa miaka mingi vijana wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma *Wasakatonge*, *Malenga Wapya* na *Mashairi ya Chekacheka*, na pembeni ya kila diwani pamelazwa kitini chenye dhamira zake zimeorodheshwa tayari, hoja tatu, mfano kwa kila hoja. Kitini ndicho kinachonunuliwa. Kijana hukariri kwamba mshairi ametumia taswira, huitaja kwa jina, hupata alama zake, na hajaiona. Hata darasa lile la sita litafika huko, na sijui kama kuna atakayewauliza tena swali la mwalimu wao.