Sinema: Muzee Wendo na Nyimbo Zake

Jumapili moja jioni, katika chumba cha parokia hapa Uvira, tuliona sinema inayoitwa On the Rumba River, ambayo Jacques Sarasin aliitengeneza katika mwaka wa 2007. Inatuonyesha muzee Wendo Kolosoy, yule ambaye wengi wanamuita baba wa rumba ya Kongo. Kitambaa cheupe kilitundikwa ukutani, wakristu wakajaa hata mulangoni. Wendo anasema lingala. Basi mwenzetu mumoja alisimama kututafsiria. Kila alipofika mahali pa huzuni alinyamaza, na hatukumuuliza.

Wendo alizaliwa Mushie katika mwaka wa 1925. Baba yake alikufa, na mama, aliyekuwa mwimbaji, hakukawia kumufuata. Wamisionari wakamulea mutoto katika nyumba ya mayatima. Alipopata miaka 12 hivi wakamufukuza, maana hawakupenda maneno ya nyimbo zake. Akafanya kazi katika masua, akapigana ngumi, na katika mwaka wa 1948 yeye pamoja na Henri Bowane wakatoa wimbo «Marie-Louise». Watu wakasema kwamba ukipigwa usiku wa manane wafu wanafufuka. Ndipo matata yakaanza: inasimuliwa kwamba serikali ya Wabeleji ilimufunga, na Eklezia ikamutenga.

Sinema ni nzuri sana pale wazee wanapokusanyika kupiga muziki. Haina haraka. Masua ya muto yalipoonekana, watu wa bandari ya Kalundu walipiga kelele kama waliona ndugu zao. Lakini Sarasin hakuweka sauti ya kueleza mambo, na hilo ni kosa: vijana wengi walitoka wakifikiri waliona tu muzee maskini mwenye sauti tamu.

Nje, chini ya muembe, tuligombana kidogo. Mafratri wengine walisema mapadri wa zamani walifanya vema, kwani kufufua wafu kwa gitari ni upagani. Katekista mumoja muzee akajibu: «Ni Wendo aliyesema hivyo, ao ni watu? Kwa nini hamukuwafundisha watu, mukamuacha mwimbaji?» Tunaona katekista alisema kweli. Miaka 10 tu baadaye, katika mwaka wa 1958, Padri Guido Haazen alipeleka Ulaya waimbaji wa Kamina na Missa Luba yao, na ngoma zao zikasifiwa. Katika mwaka wa 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa cha majimbo yetu, nasi leo tunacheza mbele ya altare. Na yule yatima alikuwa wa miaka 12.

Wendo alikufa Kinshasa tarehe 28 Julai 2008.

Sinema hii yafaa kwa wote, hata watoto. Paroko anayetaka kuionyesha asimulie kwanza habari za 1925 hata 1948, tena atafute mutu wa lingala mwenye moyo mugumu kuliko wetu.