Pini Tatu Ndani ya Pete: Uhakiki wa Fani ya Kilengeo cha Upinde

Kilengeo cha upinde wa kisasa wa kuwindia ni kifaa kinachoenea kiganjani. Kina pete ya alumini yenye upana wa sentimita tano hivi. Ndani ya pete hutokeza pini nyembamba kutoka upande mmoja, zikaishia katikati, na kila ncha ina nukta ya rangi: kijani, nyekundu, njano. Chini ya pete kuna pimamaji ndogo yenye kiputo cha hewa. Kwenye ugwe wenyewe, sawa na jicho, hufungwa kitundu cha kuchungulia. Mwindaji huvuta ugwe hadi shavuni, huchungulia, huikalisha pete sawasawa ndani ya mduara wa kitundu, huchagua pini, huiweka juu ya mbavu za mnyama, kisha huachia.

Marekani, ambako uwindaji wa upinde una msimu wake wa kisheria karibu kila jimbo, anayetaka kununua kifaa hiki huulizia bei, uzito na uimara. Ni maswali ya haki, lakini hayafiki kwenye fani. Kila umbo la kilengeo humtaka mwindaji aamue umbali wa mnyama katika wakati fulani: kabla ya kuvuta, wakati ameshikilia, au asiamue kabisa. Hapo ndipo vilengeo vinapoachana kweli, na hapo ndipo mnunuzi angepaswa kuanzia.

Nianze na nafasi tupu kati ya pini, maana zimebeba maelezo kuliko pini zenyewe. Pini ya juu kabisa ni ya umbali mfupi, kwa desturi yadi 20, yaani mita 18. Chini yake huja ya yadi 30, kisha ya 40. Kwa nini ya mbali iwe chini? Kwa sababu pini ikiwa chini, mwindaji hulazimika kuuinua upinde mzima ili nukta imfikie mnyama, na mshale huondoka ukielekea juu zaidi, ukiwa na akiba ya kimo cha kupoteza njiani. Kanuni ya kurekebisha kilengeo hufuata mantiki hiyo hiyo: mshale ukipiga chini, pini hushushwa, ukipiga kushoto, husogezwa kushoto. Pini huufuata mshale ulikokwenda.

Chukua mshale unaoondoka kwa mita 85 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa upinde wa kapi. Tukiuweka kando ukinzani wa hewa, hadi yadi 20 umeshaanguka sentimita 23 hivi chini ya mstari ulioelekezwa. Hadi yadi 40 umeanguka sentimita 91. Umbali umezidi mara mbili, anguko limezidi mara nne. Kiwanda hakiwezi kuzipanga pini kwa niaba ya mtu. Mwenye upinde huzisogeza mwenyewe, moja baada ya nyingine, mshale baada ya mshale, mpaka kila moja iseme kweli kwa umbali wake. Kwa hiyo nafasi zilizobaki kati yake ni maandishi ya upinde huo na mkono huo. Upinde wa kasi huzikusanya pini karibu karibu, upinde wa taratibu huzitawanya. Na kwa kuwa jicho hukaa sentimita kumi hivi juu ya mshale, nafasi kati ya 20 na 30 huwa finyu kuliko ile kati ya 30 na 40. Mzoefu akikitazama kilengeo cha mwenziwe hukisia kasi ya upinde kabla hajauona ukivutwa.

Ndiyo sababu naiona fani ya pini tano au saba kuwa na kasoro, ingawa hupendwa dukani. Pete hujaa. Kila pini ina mkono unaoishikilia, na mikono hiyo humfunika mnyama mle mle anamotakiwa aonekane. Nafasi tupu, ambazo ndizo zenye maana, hugeuka vichochoro. Kasoro kubwa zaidi ni ya ahadi. Pini ya yadi 60 humwambia mwenye nayo kwamba kupiga yadi 60 ni jambo la kawaida kwake. Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe lina upana wa sentimita 20 hivi. Kwa mshale wetu wa mita 85 kwa sekunde, safari ya yadi 60 ni sekunde 0.65, ilhali mlio wa ugwe humfikia kulungu kwa sekunde 0.16. Anabakiwa na karibu nusu sekunde ya kushtuka, naye akishtuka hujiinamisha kwanza ili apate kuruka. Mshale humkuta mahali ambapo hayupo tena, au humkuta mgongoni. Hakuna pini inayoweza kuwekwa kwa ajili ya nusu sekunde hiyo.

Kilengeo kinachosomwa hivi kimewezekana kwa sababu kuna muda wa kukisoma. Muda huo ulitoka kwa Holless Wilbur Allen, mtu wa Missouri, aliyepata hataza ya upinde wa kapi mwaka 1969. Kapi zilizo kwenye ncha za upinde zikishavuka kilele cha mvuto, mzigo huporomoka. Upinde wa ratili 60 unaopunguza asilimia 80 humwachia mwindaji ratili 12 tu za kushikilia. Ndani ya sekunde hizo za wepesi anaweza kuchungulia, kulinganisha miduara, kuchagua pini na kungoja kulungu ageuze ubavu. Upinde wa kale haukutoa nafasi hiyo. Ukiuvuta hadi mwisho, misuli inadai uachie.

Kabla ya kapi swali la umbali lilijibiwa kwa njia nyingine. Ishi, wa mwisho katika watu wa Yahi, alijitokeza karibu na Oroville, California, mwaka 1911, na daktari Saxton Pope aliyemtibu akajifunza upinde kwake. Ishi alivuta ugwe kwa kidole gumba, upinde ukiwa umelala. Hakuwa na pini wala pete. Alijua kutoa mlio wa kubusu vidole ambao uliwaleta sungura karibu. Umbali aliumaliza kwa miguu na kwa sauti, kabla mkono haujaanza kazi. Pope aliandika kitabu cha uwindaji wa upinde mwaka 1923, na mwaka 1925 yeye, Arthur Young na Stewart Edward White walifika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Nchi waliyoijia ilikuwa na wenye elimu hiyo. Wahadza wa Ziwa Eyasi huwinda mpaka leo kwa upinde mtupu na mishale ya sumu, na ustadi wao mkubwa ni kusogea. Hata Fred Bear, aliyejenga kiwanda mashuhuri cha pinde huko Grayling, Michigan, alijulikana kwa kupiga bila kilengeo. Nawataja hawa kwa sababu upinde mtupu nao ni fani kamili, na kila kilengeo hupimwa dhidi yake: kimeongeza nini, na kimeruhusu nini kisahaulike?

Sasa tuje kwenye kilengeo cha pini moja inayosogezwa. Hiki ndicho kizuri kuliko vyote kwa macho. Pete ni wazi, nukta ni moja, mnyama anaonekana mzima. Pembeni kuna gurudumu na utepe wa vipimo. Mwindaji hupima umbali kwa kipimaumbali cha leza, huzungusha gurudumu hadi namba husika, ndipo anapovuta. Uamuzi wote umewekwa kabla ya mvuto. Baada ya hapo hakuna cha kuchagua, hivyo hakuna cha kukosea katika kuchagua. Wapo wanaochanganya pini wakiwa na mnyama mbele yao, wakatumia ya 30 mahali pa 20, na kwa hao fani hii ni dawa.

Ila inadai mnyama asimame. Tuseme umeiweka pini yadi 25, umeshavuta, na kulungu akapiga hatua zake mpaka yadi 35. Ukiachia ukiwa na nukta katikati ya mapafu, mshale utapita sentimita 15 au 16 chini ya hapo, wakati nusu ya eneo lile la sentimita 20 ni sentimita 10. Huo ni mshale wa kifua cha chini au wa mguu, na ni usiku mzima wa kufuata damu usiyostahili kuimwaga. Mwenye pini moja hana budi kulegeza ugwe polepole na kuanza upya, mwendo ambao kulungu huuona, au kukisia kimo hewani bila alama yoyote.

Mwenye pini zisizosogea, za 20, 30 na 40, hana shida hiyo. Kulungu akiwa yadi 35, humweka kati ya pini ya pili na ya tatu. Nafasi tupu inageuka kuwa pini. Pini moja imesafisha pete kwa kuifuta nafasi yenyewe iliyokuwa na habari, na ni hasara ya fani ambayo watengenezaji hawaitaji wanaposifu uwazi wake.

Unene wa pini huchukuliwa kama jambo dogo, nami sioni hivyo. Pini nyembamba inayotumika sana ina nukta ya karibu nusu milimita. Ikitazamwa kutoka urefu wa mkono, kwa yadi 40 hufunika sentimita mbili za mnyama. Ya unene wa robo tatu ya milimita hufunika zaidi ya sentimita tatu. Nyembamba hulenga vizuri zaidi, lakini uzi wa faiba uliomo ndani yake hukusanya mwanga kidogo, na kulungu hutembea alfajiri na magharibi. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu kupiga tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na ni katika nusu saa hizo mbili pini hufifia. Watengenezaji hujibu kwa kuizungusha faiba ndefu kwenye pete, au kwa kuweka kitaa cha betri. Taa ikizidi, nukta huchanua mwale na kumfunika mnyama kuliko pini nene ingemfunika. Kipimo changu ni kukitazama kilengeo jua likishazama, kwa jicho lililokaza kwenye shabaha, maana jicho haliwezi kuona wazi pini iliyo karibu na mnyama aliye mbali kwa mara moja. Linalopaswa kuonekana wazi ni mnyama, na nukta ibaki na ukungu wake. Kilengeo kinacholivuta jicho kuja kwenye nukta kimeharibika katika fani, hata kama kinang'aa.

Rangi nazo zina kazi ya kurudia kile ambacho nafasi imeshasema. Kijani ni ya juu, nyekundu ya pili. Katika watu wenye asili ya Ulaya, karibu mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri kijani na nyekundu, naye hukitumia kifaa hiki bila tatizo kwa sababu mpangilio wa juu na chini unatosha.

Pimamaji haihitaji maneno mengi: upinde ukiinamia kulia mshale huenda kulia, na kosa hukua kadiri umbali unavyokua. Anayewinda milimani asinunue kilengeo kisichoiweka pimamaji sawa hata upinde ukielekezwa bondeni. Kuhusu pini inayoning'inia na kujisogeza yenyewe mwindaji aliye ulingoni mtini anapolenga chini, naiona ni ufundi mwingi kwa tatizo dogo. Kutoka urefu wa mita 6, kulungu aliye mita 18 kwa mstari wa jicho yuko mita 17 kwa ardhi.

Mwaka 2018 kampuni ya Garmin ilitoa kilengeo cha Xero A1, chenye leza ndani yake. Mwindaji hubonyeza kitufe akiwa ameshavuta, kifaa hupima, na nukta moja ya mwanga huwaka mahali panapofaa kwa umbali huo. Klabu ya Pope and Young, iliyoanzishwa 1961 na kubeba majina ya wawili kati ya wale watatu waliofika Tanganyika, wakati huo haikuandikisha mnyama aliyepigwa kwa msaada wa namna hii, na baadhi ya majimbo hukataza vilengeo hivi. Hoja ya upande wa pili ina uzito: kukosea umbali hujeruhi wanyama, na kifaa hiki huliondoa kosa hilo kuliko chochote kilichotangulia. Nakubali. Nisichokubali ni kwamba kimelimaliza tatizo la umbali. Kimeondoa ugumu wa kupima, na nusu sekunde ya kulungu iko pale pale. Tena mwenye nacho hana nafasi za kusoma. Betri ikizima, pete inabaki tupu kweli, na hajui mshale wake huanguka vipi.

Kwa kulungu wa misitu ya mashariki ya Marekani, anayepigwa kutoka ulingoni, ningechagua pete yenye pini tatu zisizosogea, za yadi 20, 30 na 40, za nusu milimita, zisizo na taa. Mtu atauliza, pini ya 40 ni ya nini, ikiwa namkataza mwindaji asipige mbali na msitu wenyewe mara nyingi haumwonyeshi hata yadi 30? Iko pale kwa ajili ya iliyo juu yake. Bila pini ya tatu, pini ya 30 haina mpaka wa chini, na kulungu aliyejisogeza hatua tano baada ya ugwe kuvutwa hana pa kuwekwa.