Rangi Iliyokwenda Vitani

Mshairi wa Uajemi, Firdausi, alimaliza utenzi wake wa Shahnameh mwaka 1010, na miaka mia tano hivi baadaye mafundi wa Tabriz wakamtengenezea mfalme wao, Shah Tahmasp, nakala yenye picha 258. Mashujaa wanapambana na majitu, farasi wanarukiana, dhahabu inameta. Ni kazi ya ajabu. Ila mchoraji alikuwa ameketi karakanani, na vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha zamani.

Kwetu huku, kutoka nyika za Terrat kusini mwa jiji la Arusha hadi miteremko ya Meru, ushujaa ulichorwa juu ya kitu ambacho kesho yake kingepigwa mkuki. Ngozi ya nyati ilikwanguliwa manyoya, ikapewa umbo refu la yai, ikashonewa ukingo, na nyuma ikatiwa kijiti cha kushikia. Ndipo ikaja michoro, ambayo Wamaasai huiita sirata. Nyeupe ilitoka kwenye udongo, nyeusi kwenye mkaa, nyekundu kwenye udongo mwekundu uliokorogwa na damu ya ng'ombe. Mstari wa wima uliigawa ngao, na michoro ya pande zake ikataja rika la morani na watu wa kwao. Adui aliisoma ngao kabla hajaiona sura ya mwenyewe.

Ninachokienzi zaidi ni alama moja ndogo, nyekundu, ya ushujaa. Mtu hakujichorea tu. Ilihitaji kibali, na kibali kilifuata tendo lililoonekana. Mchoraji wa Tabriz aliweza kumkuza Rustam, shujaa wa Shahnameh, apendavyo. Morani hakuweza kuongeza hata tone, maana wenzake waliosimama naye vitani ndio waliokuwa wakiitazama ngao ile kila siku. Uzuri wake ulikuwa na mashahidi, na mimi sanaa ya namna hiyo naivulia kofia.

Ngao ya Kimaasai ipo katikati ya bendera ya Kenya tangu 1963. Ngao hizo zipo pia kwenye maduka ya watalii Arusha, nyingi zikiwa zimepakwa rangi ya dukani, michoro imewekwa popote ilipopendeza. Siwalaumu wauzaji, wana watoto wa kulisha. Lakini kijana anayetaka kuzichora sawasawa asianze na brashi. Aende kwa wazee, akae, aulize mchoro upi ni wa rika lipi, na nani alikuwa na haki ya kuubeba.