Kuku wa Pango la Kuumbi na Wajibu wa Kuhakikisha Khabari

 

Katika darsa zetu za tarikh hapa Tabora, wanafunzi huuliza: kabla ya misafara ya karne ya 19, nchi hii ilikuwa na uhusiano gani na bahari? Wamekwisha kusoma kwamba Kazeh ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu, kwamba Burton na Speke walifika mwaka 1857, na kwamba Uislamu ulikuja kwa njia ile ile iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa. Kijana akilisikia hilo peke yake, hudhani dini yake ni mzigo ulioshushwa na msafara, na kwamba wazee wake walilala mpaka wageni walipowaamsha.

Ndiyo maana tulivipokea kwa furaha vitabu vya Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia Mtanzania, kile cha mwaka 2006 juu ya umoja wa historia kongwe ya Afrika, na kile cha mwaka 2009 juu ya Zanzibar na mwambao. Chami alichimba Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, Unguja. Akasema watu waliishi humo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba katika tabaka za kabla ya Nabii Isa (A.S.) imo mifupa ya wanyama wa kufugwa, akiwemo kuku. Kuku asili yake ni Asia. Basi ikiwa kweli alikuwepo Unguja zama hizo, kuna mtu aliyevuka bahari.

Tunamshukuru Chami kwa jambo kubwa: alisimama imara dhidi ya wale waliodai kwamba miji ya mwambao ilijengwa na wageni watupu. Lakini shukrani haiondoi uhakiki. Wanafunzi wa hadithi wanajua kwamba khabari iliyopokewa kwa njia moja tu huitwa gharibu, na hutafutiwa mutabaa, yaani njia ya pili ya kuitia nguvu. Mwaka 2012 watafiti wengine walilichimba tena pango lile, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2016. Walithibitisha kwamba watu walikuwemo takriban miaka 20,000 iliyopita. Lakini walikuta pia mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama wa bara, kwa kuwa zama hizo kina cha bahari kilikuwa chini na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mtu aliifikia kwa miguu, bila ya chombo. Kisha pango likaachwa kwa maelfu ya miaka, na watu wakarejea katika milenia ya kwanza Miladia. Mifugo ya kale iliyodaiwa hawakuiona. Na mifupa ya kuku hufanana sana na ya kanga na kwale, hata mjuzi huweza kukosea.

Je, tumepoteza kitu? Hapana. Yaliyothibiti yanatosha. Unguja Ukuu ilikuwa bandari ya biashara katika karne ya 7. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Al-Masudi alisafiri kutoka Qanbalu mwaka 304 Hijria (916), akataja Waislamu waliokaa huko na pembe za ndovu zilizopelekwa Oman. Na upande wetu wa bara, uchimbaji wa Uvinza ulionyesha kwamba chumvi ilipikwa pale tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Watemi wa Unyamwezi nao walivaa duara za gamba la konokono wa baharini kuwa alama ya utemi. Wanyamwezi wenyewe walibeba pembe mpaka pwani. Njia ilikuwa na wenyewe.

Hapa tunakiri kosa letu. Khabari ya kuku wa Kuumbi tuliitaja darsani, tukaifanya hoja, kwa sababu ilitupendeza. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha khabari, na haikuivua ile inayotufurahisha. Tunarejea katika kauli hiyo, na waliotusikia wawafikishie wenzao. Vivyo hivyo tusifiche habari ya watumwa waliopita Tabora. Anayechuja riwaya za wengine aanze na zake.

Ndugu maimamu, msikiti wa zamani ukitengenezwa, msivunje mihrabu wala kufuta maandishi kabla ya kuwaita wataalamu wa mambo ya kale. Barua za wazee zilizomo masandukuni msizichome. Hizo ndizo mutabaa za kesho, na zikipotea, wajukuu wetu watabaki na hadithi za kuku.

Wallahu aalam.