Ngoma ya Nyuma

Fundi aliniambia nizime redio, nishushe vioo vyote, niendeshe polepole kandokando ya ukuta mrefu. Mwenyewe alikaa kiti cha nyuma, kichwa amekiinamisha mlangoni. Asubuhi ile nilikuwa nimemfuata Kamalondo, hapa Lubumbashi, kiwanja chake kikiwa si mbali na uwanja wa TP Mazembe, nikiwa na neno moja tu: "Papa, mutuka iko nalia nyuma." Naye akajibu, "Tusikie kwanza."

Ukuta huurudisha mlio, ndiyo maana aliuchagua. Nikakanyaga breki: chuma kikasaga chuma, sauti ya kutia meno ganzi. Nikaachia: kimya. Akaniambia nivute breki ya mkono kidogo kidogo. Mlio ukarudi, safari hii upande wa kulia peke yake. Hakuwa ameshika spana hata moja, na tayari alikuwa ameondoa nusu ya mashaka yangu. Beringi iliyochakaa huvuma muda wote gari linapokwenda, ukanyage usikanyage, na mvumo wake hubadilika unapokata kona. Kijiwe kilichonasa ndani nacho hukwaruza bila kungoja mguu wako. Mlio unaokuja na breki na kuondoka nayo ni wa breki zenyewe, na kwenye Corolla kama yangu breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu.

Wiki mbili kabla, fundi mwingine mjini alikuwa amenibadilishia pedi za mbele bila kuniuliza lolote. Nililipa, na gari likaendelea kusaga. Mikono yake ilikuwa safi na yenye ujuzi. Alichokosa ni subira ya kusikiliza.

Breki za nyuma zinahitaji sikio kuliko za mbele. Gari linapofunga breki, uzito huinamia mbele, na breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo za nyuma zinaweza kufa taratibu na mguu usihisi kitu. Gari bado linasimama, abiria hawastuki, dereva anajipa moyo. Shahidi ni mlio tu. Anayeufunika kwa muziki amemfukuza shahidi pekee aliyekuwa naye, mpaka siku atakaposhuka mteremko wenye mvua mbele ya lori linalotoka mpakani Kasumbalesa.

Kwa Kifaransa kile kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu huitwa kwa neno lenye maana ya ngoma, na jina linakifaa. Ndani yake mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, kila kimoja kimevaa bitana ngumu. Ukikanyaga, silinda ndogo huvisukuma viguse ukuta wa ngoma. Bitana ikiisha, hubaki kiatu chenyewe.

Tuliporudi kiwanjani kwake, ngoma ya kulia iligoma kutoka kwa sababu ya kutu. Nilitazamia nyundo. Yeye alipangusa uso wa ngoma kwa kitambaa hadi yakaonekana matundu mawili yenye hesi, akaweka bolti mbili, akazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Ngoma ikajitoa yenyewe. Nimeona watu wengi wakifanya kazi kwa nguvu. Huyu alifanya kwa adabu. Lile vumbi la ndani, jekundu la Lubumbashi na jeusi la bitana, hakulipuliza kwa mdomo. Alilimwagia maji, kwa kuwa bitana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto na macho hayawezi kuzitofautisha.

  

Alinishika kidole akakipitisha ndani ya ngoma. Ukucha ulizama katika mifereji. Ngoma ile huanza na kipenyo cha milimita 200, na mwisho wake ni 201: milimita moja tu ndiyo umri wake wote. Yangu ilikuwa imeupita.

Hapo wengi wangeagiza vipya vya kulia na kufunga hesabu. Yeye aliuliza kwa nini kulia kumekwisha namna ile, akafungua kushoto. Bitana za kushoto zilikuwa nene, karibu kama mpya. Pistoni za silinda zilikuwa zimeganda kwa kutu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yakizeeka bila kubadilishwa, huila silinda kwa ndani. Nikaelewa: gurudumu lililolia ndilo lililokuwa likifanya kazi ya mawili, na lililonyamaza ndilo gonjwa.

Alibadilisha viatu pande zote mbili, silinda zote mbili na ngoma ya kulia. Springi za kushoto hakuzigusa mpaka za kulia zimekaa mahali pake, akiziangalia kama mwanafunzi anavyoangalia ubao. Kisha mimi kwenye pedali, yeye chini na kichupa: "Kanyaga. Shika. Achia." Mara kumi, mara ishirini, hadi mafuta yakatoka bila povu. Tukarudi ukutani, vioo chini. Nikasikia tairi likipita juu ya changarawe.

Siku Mazembe inapocheza nyumbani fundi huyu hapokei gari lenye mlio, kwa sababu ya kelele za uwanja. Nenda siku nyingine, na kabla hujafika uwe umesikiliza: gari lako linalia wakati gani, upande gani, mguu ukiwa wapi. Ndiyo maswali ya kwanza atakayokuuliza.