Sehemu, Ukarabati na Sakafu: Uhakiki wa Sentensi Moja

Kwa miaka mingi mkazi wa ghorofani katika miji yetu alikuwa mpangaji. Kodi aliilipa kwa mwenye nyumba, au kwa Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962, na bomba lilipovuja alijua mlango wa kubisha. Sheria Na. 16 ya mwaka 2008, inayohusu hatimiliki za sehemu za majengo, ilifungua njia nyingine Tanzania Bara: jengo moja, wamiliki wengi. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2010. Kenya, iliyokuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1987, ilitunga mpya mwaka 2020. Zote zilitungwa kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria Tanzania Bara, na tangu hapo suala la istilahi za nyumba hizi haliwezi kuahirishwa.

Makala haya yanahakiki sentensi moja tu. Imo katika kanuni za umoja wa wamiliki wa jengo fulani mjini Dar es Salaam, zilizoletwa mezani petu ili lugha yake itazamwe: "Mwenye sehemu haruhusiwi kufanya ukarabati wa sehemu bila idhini ya umoja."

Kisarufi sentensi hii haina dosari. Hata hivyo iliwagombanisha majirani. Mmoja aliamini kuwa hata kubadili koki ya bafuni kunahitaji barua. Mwingine aliomba idhini ya "ukarabati", akapewa. Kisha akalihamisha bafu kutoka upande mmoja wa nyumba yake hadi mwingine, na maji yakaanza kumdondokea jirani wa chini. Alipoulizwa, alionyesha barua yake. Kwa mujibu wa maneno yaliyoandikwa, hakuwa na kosa.

Kasoro ya kwanza imo katika neno "sehemu". Mara ya kwanza linataja nyumba ya mtu mmoja ndani ya jengo. Mara ya pili halijulikani lataja nini, kwa sababu kanuni zile zile huita ngazi, paa na mabomba makuu "sehemu za pamoja". Neno moja limebebeshwa kilicho changu na kilicho chetu, ilhali sheria yote imesimama juu ya tofauti hiyo. Yako maneno mengine yanayopendekezwa. "Fleti" limekwisha kuzoeleka, lakini duka au ofisi iliyomo katika jengo hilo haiitwi fleti. "Ghorofa" hutaja tabaka moja la jengo, na pia jengo zima. Wazee wa pwani wangesema "mali ya shirika" kwa kitu kinachomilikiwa na wengi kwa pamoja, nalo lingefaa sana. Kwa bahati mbaya, msomaji wa leo atadhani mali hiyo ni ya Shirika la Nyumba. Rai yangu ni kwamba "sehemu" libaki kwa kile anachokimiliki mtu peke yake, "mali ya pamoja" litumike kwa kilicho cha wote, na "fungu", neno lililozoeleka katika hesabu za mirathi, litaje kiasi cha haki ya kila mmiliki katika mali hiyo ya pamoja.

Kasoro ya pili ni "ukarabati". Neno hili limekuwa kapu la kutilia kila kitu: barabara hukarabatiwa, bomba hukarabatiwa, na ukuta ukivunjwa ili sebule ipanuke, huo nao huitwa ukarabati. Katika nyumba ya mtu mmoja ulegevu huo haudhuru. Katika jengo la wengi kazi hizo zina uzito mbalimbali, na yafaa zitenganishwe. "Matengenezo" yawe kurudisha kilichoharibika katika hali yake, kama koki au kitasa. "Ukarabati" uwe kufanya upya pasipo kugusa umbo la jengo, kama kupaka rangi au kubadili vigae na makabati. "Mabadiliko ya jengo" yawe kuvunja au kuongeza ukuta, kuhamisha bafu au jiko, na kutoboa zege.

Tatu, sentensi yetu imenyamaza palipo na hatari zaidi. Katika jengo la ghorofa, sakafu ya huyu ndiyo dari ya yule. Kiswahili kina jina kwa anayeikanyaga na jina kwa anayeitazama kutoka chini, lakini bamba la zege lililo kati yao halitajwi katika kanuni, kana kwamba halina mwenyewe. Mafundi huliita "slabu". Kwa kuwa neno hilo li hai na halina utata, sioni sababu ya kulikataa. Kanuni zitamke wazi kwamba slabu na nguzo ni mali ya pamoja.

Yamkini nitaambiwa kwamba wananchi hawazungumzi hivi, na kwamba fundi husema "kutengeneza" akamaliza. Ni kweli. Lakini fundi huonyesha kwa kidole anachokisema. Kanuni haina kidole. Tena lawama si ya mwandishi wa kanuni peke yake. Sisi maofisa wa istilahi tumezoea kutoa orodha ya maneno, neno la Kiswahili mkabala na la Kiingereza, bila kueleza mpaka wa kila moja.

Kwa hiyo napendekeza sentensi ile isomeke hivi: "Mmiliki anaweza kufanya matengenezo ndani ya sehemu yake bila idhini, atautaarifu umoja kabla ya kuanza ukarabati, wala hatafanya mabadiliko ya jengo pasipo idhini ya maandishi inayotaja kazi yenyewe." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini jirani wa chini angelala pakavu.

Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali walio na maneno bora kuliko haya wanaombwa wayalete yajadiliwe.