Sikio la Malindi

Ukishuka tramu nambari 15 pale Belém, magharibi mwa Lisbon, halafu uvuke upande wa mto, utakutana na meli ya mawe. Ni mnara wa meta 56 uliochongwa kama merikebu, na umebeba watu 33, mwanamke akiwa mmoja tu. Wareno wanauita Padrão dos Descobrimentos, mnara wa ugunduzi. Ulijengwa kwanza mwaka 1940 kwa vifaa vya muda, kwa ajili ya maonyesho ya serikali ya Salazar, ukajengwa upya wa kudumu mwaka 1960. Chini yake kuna dira kubwa iliyotandazwa kwa mawe ya rangi, na katikati ya dira ramani ya dunia. Watalii hupigana picha wakikanyaga bara hili na lile. Dira hiyo ilikuwa zawadi ya Afrika Kusini, ile ya ubaguzi wa rangi. Mtu akijua hilo, anaikanyaga kwa namna nyingine.

Nilikuwa na siku nne tu Lisbon na kitabu kimoja begini: Os Lusíadas, utenzi wa Luís de Camões, katika tafsiri ya Kiingereza ya Landeg White. Nilikibeba kwa uchokozi tu. Nilishasikia kwamba Mombasa imetukanwa humo, nikataka kuyasoma matusi yenyewe pale pale yalikotokea. Sikutarajia kitabu kinishike.

Kwa asiyeujua, utenzi huu ulichapishwa mwaka 1572. Una kanto kumi, yaani sehemu kumi, na beti 1,102, kila ubeti mishororo minane. Unasimulia safari ya Vasco da Gama ya 1497 hadi 1499, kutoka ufuo huu wa Belém, kuzunguka rasi ya kusini mwa Afrika, kupitia pwani yetu hadi India. Wareno wanaupenda hivi kwamba sikukuu yao ya taifa ni tarehe 10 Juni, siku aliyofariki Camões mwaka 1580. Hebu fikiria Kenya nzima ikipumzika siku aliyokufa Muyaka.

Matusi niliyapata, na kusema kweli ni ya kawaida. Katika kanto ya pili, Mombasa ni mji wa hila. Bakasi, mungu wa mvinyo wa Warumi, anajigeuza kasisi na kujenga madhabahu ya uongo ili Wareno waingie bandarini wakaangamie, na Venasi na mabinti wa bahari wanazisukuma meli nyuma kwa vifua vyao. Mshairi hajiulizi kwa nini mji wa biashara uwaonee shaka wageni wenye mizinga. Wenye kuuliza swali hilo walipata jibu mwaka 1505, Francisco de Almeida alipoupora mji huo na kuuchoma moto.

Kilichonishtua ni kilichofuata. Meli zinafika Malindi, mfalme anakuja kwa mashua kuwapokea, anamwomba da Gama amweleze nchi yake, watu wake na vita vyao. Na da Gama anaanza. Anaongea kanto ya tatu yote, ya nne yote, ya tano yote. Afonso Henriques, mfalme wao wa kwanza, yumo. Vita vya Aljubarrota vya mwaka 1385 vimo. Inês de Castro, mpenzi wa mwanamfalme Pedro aliyeuawa kwa amri ya baba mkwe, yumo, na beti zake ni miongoni mwa beti tamu zaidi nilizowahi kusoma. Ni zile zile hadithi ambazo mwongozaji wa watalii alikuwa ametusimulia tangu asubuhi huku tukitafuna vile vikeki vyao vya mayai. Kumbe katika kitabu chao kikuu, historia ya Ureno inasimuliwa kwetu. Anayesikiliza ni Mswahili.

Nilikifunga kitabu kidogo. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mto Tejo, Mkenya mmoja na begi lake, nikisikilizishwa Ureno siku nzima. Nafasi ile ilishawahi kukaliwa.

Wahakiki wengi husoma sehemu ile kwa ajili ya msimuliaji. Mimi nataka tumsome msikilizaji, maana bila yeye utenzi hausimami. Camões alihitaji mtu ambaye ni mgeni kwa Ureno ili kila kitu kielezwe tangu mwanzo, mwenye hadhi ya kutosha ili maelezo yasiwe ya kupoteza, na mwenye adabu ya kutokatiza. Malindi ilimpa hayo yote. Lakini angalia mgao wenyewe: mfalme anauliza, mgeni anajibu kwa kanto tatu, halafu mfalme anashukuru, anaandaa karamu na kutoa rubani. Da Gama hamrudishii swali hata moja. Ninyi nanyi mlianzaje? Mfalme wenu wa kwanza alikuwa nani? Nani aliuawa kwa sababu ya mapenzi? Mtu amekaribishwa nyumbani kwa watu, ameongea kutwa nzima, na hajauliza hata jina la mwenye nyumba.

Dalili ya ukiziwi huo iko katika jambo dogo. Mfalme anapokuja kwa mashua, wanamuziki wake wanapuliza baragumu zilizopinda. Camões anasema zilitoa kishindo kikali kisicho na upatano. Sasa, tunayo shajara ya mmoja wa waliokuwa katika safari ile, na huyo alikuwepo kwa mwili wake. Anaandika kwamba aliona baragumu mbili za pembe za ndovu, ndefu kama mtu, zilizochongwa vizuri, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni, na kwamba sauti yake ilipatana na ya zumari nyingine. Zile ni siwa, bila shaka. Na neno la Kireno linalogombaniwa hapo ni moja: shajara inasema vyombo vilipatana, utenzi unasema havikupatana. Baharia aliyesikia kwa masikio yake alisikia muziki. Mshairi, zaidi ya miaka sabini baadaye, akasikia kelele.

Huwezi kumtetea kwa kusema hakuijua pwani. Camões alikwama kisiwa cha Msumbiji kwa muda mrefu, fukara, hadi marafiki walipomchangia arudi kwao. Alikula chakula cha watu wa pwani hii. Alisikia ngoma zao, lazima. Lakini utenzi wa kifalme wa wakati ule ulikuwa na kanuni zake, na kanuni zilitaka Mwafrika awe mkarimu au mwovu, basi. Akaiweka kanuni mbele ya sikio lake. Hilo ni kosa la kishairi kabla halijawa kosa la kisiasa.

Nikisema hivyo najua nasi tuna zetu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, nao ni wa vita kati ya Waislamu na Wakristo, na Mwengo bin Athumani alimchora Herekali, mfalme wa Warumi, alivyotaka yeye. Tendi ndivyo zilivyo, zinamvisha adui nguo za mshonaji wao. Tofauti ni kwamba hakuna meli ya mawe ya meta 56 iliyojengwa Pate kuutangaza utendi huo.

Tukirudi kwa mnara wenyewe: utenzi ni mkubwa kuliko mnara, na ninasema hivyo baada ya kulalamika kote huku. Mwisho wa kanto ya nne, meli zikiwa zinang'oa nanga, mzee mmoja anasimama ufuoni na kuwalaani wanaoondoka. Anauliza utukufu huu wenu ni wa nini, mtawaua wangapi, mtawaacha wangapi wajane, na kwa nini mtafute adui wa mbali. Wareno wanamwita Mzee wa Restelo, na Restelo ndiyo hapa hapa Belém. Camões alimpa mzee huyo maneno makali kuliko ya shujaa yeyote, ndani ya utenzi wa kuisifu safari. Na da Gama mwenyewe ndiye anayeyakariri mbele ya mfalme wa Malindi! Yaani mwenyeji wetu alionywa na mgeni wake kwa kinywa cha mgeni.

Katika wale 33 wa mnarani, Camões yupo. Zurara yupo, aliyeandika jinsi mateka wa Kiafrika walivyogawanywa Lagos mwaka 1444, mama huku na mtoto kule. Mzee wa Restelo hayupo. Serikali ilimchukua mshairi ikaacha ubeti wake bora.

Ng'ambo ya barabara kuna monasteri ya Jerónimos, iliyoanzwa na Mfalme Manuel mapema karne ya 16 na kulipiwa kwa ushuru wa bidhaa za Afrika na Asia. Sitadanganya, ni nzuri mno. Mawe yamefumwa kama mikeka. Ukiingia kanisani unakuta makaburi mawili: da Gama upande mmoja, Camões upande wa pili, wamelala wakiwa wamekunja mikono. La mshairi lina utata, maana kanisa alimozikwa lilibomoka katika tetemeko la mwaka 1755, na mifupa iliyoletwa hapa mwaka 1880 huenda ni ya mtu mwingine kabisa.

Nilitafuta kaburi la tatu, kwa mzaha. La rubani. Yule aliyetolewa na mfalme wa Malindi na kuivusha merikebu hadi India. Waandishi wa Kireno wanamwita Malemo Cana, na wanasema alikuwa Mgujarati. Malemo, lakini, si jina. Msomaji wa Kiswahili anasikia mara moja: mwalimu, maalimu wa chombo. Walimwandika kwa cheo wakadhani wamemwandika kwa jina.

Kuhusu msikilizaji, ukoo wa watawala wa Malindi hatimaye ulijibu. Wareno waliwahamishia Mombasa kutawala chini ya kivuli cha Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Mmoja wao, Yusuf bin Hasan, alichukuliwa mtoto baada ya baba yake kuuawa, akalelewa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme. Huyo alizisikiliza hadithi za Ureno miaka mingi kuliko mtu yeyote wa pwani, tena kwa Kireno. Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni wao.

Hakuna utenzi wa Camões juu ya hilo, alikuwa amekufa zamani. Siwa ya pembe ya Pate bado ipo, katika makumbusho ya Lamu. Tundu la kupulizia liko ubavuni.